Ijumaa Niliyofagia Baze Mwamini Akiwa Ndani

Mwaka 1975 nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikufa kwa homa kule Lusangi, na masomo yangu yakaishia darasa la nne. Sisemi hivyo ili munihurumie. Nasema ili ninyi wenye diplome mujue kwamba mutu aliyechunga baze, yaani hifadhidata, ya depo ya dawa kwa miaka kumi na mine hakuingia sekondari hata kwa kufagia.

Nilianzia Kabambare, kwenye mashini ya umeme ya depo. Siku ya kwanza nilifika mapema, na jeran, yaani mukubwa wa depo, akanikuta nimekwisha kufungua kichujio cha mafuta.

"Nani alikuambia ufungue?"

"Ilikuwa inakohoa, shefu."

"Na ungeshindwa kufunga?"

"Nisingefungua."

Akanitazama kidogo. "Basi tangu leo, kitu kikikohoa hapa, usikuje kuniita mimi."

Kompyuta zilipokuja, wasomi waliogopa kuziunguza. Mimi nilikuwa ninazipa umeme, kwa hiyo wakaniachia. Fundi mumoja aliletwa akakaa nasi wiki tatu. Hakupenda kufundisha, lakini hakuweza kuficha vidole vyake, na mimi nilivitazama. Baadaye nikahamishwa Kasongo, kwenye seva yenyewe, mashini kubwa inayobeba hesabu za vituo vyote. Nyangwe, Kabambare, Wamaza, kila kituo kiliandika kutoka mbali kwa njia ya satelite: dawa iliyoingia, iliyotoka, inayoombwa.

Maandishi hayo yote yanalala ndani ya baze. Ifikirie kama nyumba yenye vyumba kumi na viwili, kila chumba ni jedwali moja: bei, risiti, rafu, maagizo. Kila chumba kina faharasa, ile inayoonyesha mashini kitu kiko wapi bila kutafuta kila kona. Watu wakiandika sana, faharasa inachafuka. Mashini inachoka, halafu inaanza kusema uongo: inasema sanduku hakuna, na sanduku liko pale unaligusa. Kazi yangu ilikuwa kufagia hiyo nyumba, watu wakiwa wanaishi ndani.

Shariti la kwanza nililipata Kabambare kwa jeran yule: mutu anayeandika hakatwi. Ukimukata, alichokuwa anaandika kinarudi kuwa bure, kama hakukiandika. Mimi nilishakata mara moja, kwa haraka. Ilikuwa karani wa Nyangwe, katikati ya agizo lake. Kituo chake kikakaa siku kumi na mbili bila serumu, maji ya kutia mushipani. Kilichotokea pale sitakiandika hapa.

Kwa hiyo nilitafuta saa isiyo na mutu, nikaipata Ijumaa, katikati ya mchana. Makarani Waislamu wanakwenda kuswali, Wakristo wanakwenda kula ugali wao. Kuanzia saa sita na nusu mpaka saa nane, orodha ya walioingia inakuwa nyeupe kabisa. Jua linapiga bati, hakuna sauti ila ya feni ya seva. Nilipenda saa hiyo kuliko mushahara.

Sasa sikilizeni. Wiki moja, Jumatatu, habari ilifika kwa fonia, redio ya kuitana, kwamba Mwamini wa Wamaza amekufa. Ni yeye aliyeandika dawa za kituo kile miaka saba. Neno lake la siri nilimufungulia mimi mwenyewe, akalibadilisha palepale huku ameficha kibao cha herufi kwa kitenge chake. Alikuwa na tabia moja ambayo sikuiona kwa karani mwingine: aliandika kuanzia rafu ya chini kwenda juu. Walimuzika siku ileile.

Ijumaa hiyo baze ilikuwa imeharibika vibaya. Mukurugenzi alisimama mulangoni na kofia yake ya swala mukononi.

"Papa Kitenge, saa nane pikipiki inaondoka na dawa za wiki. Hii mashini ikiendelea kudanganya, inaondoka na nini?"

"Itakuwa tayari."

"Isipokuwa tayari, wewe utakuwa tayari. Kwenda nyumbani."

Saa saba kasoro robo nikafungua orodha. Haikuwa nyeupe. Kulikuwa na musitari mumoja: WAMAZA, MWAMINI, anaandika.

Nilidhani ni kivuli, muunganisho uliosahauliwa wazi tangu kabla ya kifo. Inatokea. Nikatazama chumba cha rafu. Tarakimu zilikuwa zinabadilika. Rafu ya sita, ya chini kabisa, vidonge vya minyoo. Ikakaa kidogo. Rafu ya tano, kinini. Ilikuwa inapanda kutoka chini.

Nikamwita Kontable Mukuu, mukubwa wa hesabu, mutu wa kanisa, mwenye sauti nene. Akasoma musitari akiwa amesimama kama anayeondoka.

"Ita Wamaza."

"Nimeita. Simu yao haishiki, na fonia haijibu."

"Basi kata. Maiti haiandiki, Papa Kitenge."

"Na kama anayeandika anaomba serumu?"

"Nani huyo anayeandika?"

Hakungoja nimujibu. Alikwenda kukaa uani kwenye jua, na alikuwa mutu asiyependa jua.

Nilikuwa na saa moja na mambo mawili. Nisipofagia, vituo vyote vinakosa dawa na mimi nakosa kazi. Nikikata, Wamaza peke yake inakosa, kama Nyangwe ilivyokosa. Weka kidole juu ya kitufe cha kukata ndiyo utajua kama uko mutu wa kazi.

Sikukata. Nilifanya kama mwanamuke anayefagia nyumba yenye mugeni aliyeketi: unaanza mahali asipo. Kwanza nilitoa nakala ya baze nzima kwenye diski ya pili, maana nakala haimusumbui mwandikaji. Kisha nikafunga chumba kimoja kimoja, nikajenga faharasa yake upya, nikafungua. Bei za zamani, dakika tatu. Risiti, dakika nane. Vyumba kumi vikaisha. Vilibaki viwili, rafu na maagizo, na yeye alikuwa ndani ya rafu.

Nikaondoa mikono kwenye kibao, nikangoja. Ilikuwa saa saba na nusu.

Musitari wake ukahama. Akatoka rafu, akaingia maagizo. Nikafagia rafu, dakika sita, jasho linaingia machoni. Nilipofungua tu, aliacha kuandika. Halafu akarudi kwenye rafu, akaniachia maagizo.

Nilisema kwa sauti, nikiwa peke yangu chumbani: "Asante, mama." Nikafagia chumba cha mwisho. Nilipomaliza aliingia tena humo, akaandika kidogo, na saa nane kasoro dakika kumi musitari ukatoka wenyewe. Orodha ikawa nyeupe.

Karatasi ya agizo ilitoka kwenye mashini ya kuchapa: serumu, kinini, sindano za watoto. Chini: Mwamini. Bilali, motari wetu wa pikipiki, aliisoma, akaiweka mezani, akaichukua tena.

"Papa, nikifika nimupe nani?"

"Aliye kwenye kiti."

"Na kama kiti hakina mutu?"

"Wewe ulishaona mutu anaomba serumu kwa mchezo? Nenda."

Alirudi Jumanne, matope mpaka shingoni.

"Mwamini iko," akasema. "Alipokea, akahesabu, akatia saini. Watoto wane walikuwa kwenye mukeka wanangoja. Wote wako wazima."

"Bilali."

"Papa, ngoja nimalize. Ni mudogo wake. Siku ya tatu wazee walimupa jina, wakamuvalisha kitenge cha dada yake, wakamuketisha kwenye kiti cha kazi. Mimi nilimwita Anifa, jina lake la zamani. Wazee wakanikalipia. Anifa hayuko tena, wanasema. Najiuliza, aliyekufa ni nani basi?"

Kwetu pia jina halizikwi, linarithiwa. Nilikuwa nimekaa na mashini mpaka nikasahau desturi yangu.

Mwezi uliofuata Mwamini huyo mupya alifika Kasongo. Musichana mwembamba, hakuwa ameshika kompyuta kabla ya ile Ijumaa. Nikamuuliza nani alimupa neno la siri.

"Hakuna, Papa."

"Uliingiaje?"

"Niliketi. Vidole vilikuwa vinajua."

"Na nani alikuambia uanzie rafu ya chini?"

Akanitazama kama mimi ndiye mujinga. "Kwani wengine wanaanzia wapi?"

Mukurugenzi aliniamuru nimufungulie jina jipya, kwa sababu kwa karatasi Mwamini amekufa. Nilifungua. Mpaka siku ninatoka kazini, jina hilo jipya halikuingia hata mara moja, na lile la zamani halikukosa siku.

Leo nimepumuzika. Vijana wananiambia siku hizi programu inajifagia yenyewe, inawatupa nje wote waliosahau kutoka. Sawa. Lakini mimi nawaambia: kabla ya kumutupa mutu nje, tazama kama anaandika. Usiulize kwanza kama anaishi.

Niko na nyumba ya matofali ya kuchoma, bati kumi na nane. Shamba la muhogo na la mupunga. Mbuzi saba. Baiskeli moja, redio mbili, moja inaongea. Watoto watano wamesoma kunipita. Na jina langu. Hilo sijamupa mutu bado.