Karani wa Posta na Supu ya Damu

Mkono wangu umezoea mwiko, si kalamu, lakini ninyi wateja mmenisumbua mno kuhusu yule karani wa posta, basi nawaandikia. Alikuja mgahawani kwangu kila mchana, akakaa kona ileile, mkoba ameupakata kuficha tumbo. Daktari wa urembo alikataa kumpunguza tumbo kwa kisu mpaka damu yake, iliyopungua kidogo, ipande. Ndiyo maana alikula supu yangu ya damu ya ng'ombe, naye haipendi. Kila kipande cha damu iliyogandishwa alikimeza macho ameyafumba. Akimaliza, alivuta kope ya chini na kujitazama kwenye kijiko, kama ndani yake pana damu. "Mama mdogo, pamekuwa pekundu?" Hapa Seoul kila mwanamke mpishi huitwa mama mdogo na wateja wake. "Bado peupe kama tofu," nikamwambia. "Ongeza bakuli."

Wiki ya sita siku moja hakuja. Jioni muuguzi akapiga simu: "Bi Oh Bun-rye? Mgonjwa wako kashapasuliwa, salama. Haruhusiwi kuondoka peke yake, na ameandika wewe ni mama yake mdogo." Nikazima jiko, wateja wakanung'unika. Hospitalini nilimkuta ameketi amejikunja, viganja juu ya bandeji, hanitazami.

"Jina langu umelitoa wapi, wewe?"

"Kwenye leseni yako ya mgahawa, pale ukutani. Fomu ilitaka ndugu."

Nikapiga magoti, nikamvalisha viatu.

Sasa wewe unayesoma, fikiria ungeandika jina la nani kwenye fomu ile. Mpigie leo umwambie, asije akaambiwa na muuguzi.