Kuulizia Posa kwa Baiskeli ya Kikapu

Mimi mji huu naujua. Wapo watu waliosoma mpaka macho yakaingia ndani, wana ramani kwenye simu, na bado wakifika Kariakoo wanauliza Msimbazi iko wapi huku wamesimama Msimbazi. Mimi darasa la tano niliishia mlangoni. Nilianza kwa kutembeza kandambili begani, zimefungwa kamba kama samaki, na leo ukinunua ndoo, beseni au jaba popote kati ya Gerezani na Buguruni, ujue kuna uwezekano mkubwa limepitia stoo kwangu. Na sijawahi kuazima akili ya mtu.

Mtu wa namna hiyo lazima awe na gari, na mimi ninalo. Refu, jeusi, vioo vyeusi, kiyoyozi chake kinakuvalisha koti Dar es Salaam mwezi wa pili. Kutoka kwangu Upanga mpaka dukani Kariakoo ni mwendo ambao mtu mwenye haraka anaumaliza chai yake haijapoa. Mimi kwa gari unanichukua saa nzima, kwa raha zangu, nimekaa kwenye kiti cha ngozi nyuma ya mkokoteni wa viazi. Mwenye mkokoteni anajua siwezi kumpita. Anageuka, anaona kioo tu, anatulia anakunywa maji yake. Huo ndio utajiri bwana, na mimi niliufaidi miaka mingi.

Sasa ikaja posa.

Binti yangu mkubwa, anayefanya kazi kwenye duka la dawa, aliletewa barua. Waliileta wazee watatu na kanzu zao, kwa adabu zote. Baba wa kijana hakuwemo, na kwetu ndivyo inavyotakiwa. Baba hapeleki posa ya mwanawe kwa mkono wake. Anatuma washenga, yeye anabaki kwake anasubiri. Na baba wa binti naye hajibu siku hiyo hiyo kama mtu anayeuza nyanya. Anasema tumepokea, tupeni muda, halafu anaenda kuulizia. Hao ni watu gani? Wanaishije na majirani? Kijana hana mke mwingine mahali? Nikaomba wiki mbili.

Nikawauliza wale wazee, kijana anafanya kazi gani. Mwalimu wa hesabu, sekondari. Kwao wapi? Nyuma ya soko la Mchikichini, uchochoroni. Na baba yake? Fundi. Sikujisumbua kuuliza fundi wa nini. Mji huu kila mtu ambaye hana ofisi ni fundi.

Kimoyomoyo jibu nilikuwa nalo tayari. Mwalimu wa hesabu ambaye bado anaishi uchochoroni Mchikichini, hizo hesabu anamfundishia nani? Lakini binti yangu tangu siku ile alikuwa anatembea ndani ya nyumba kama anayepita wodini. Haniulizi kitu. Chai yangu ilikuwa inakuja haina sukari kabisa, au ina sukari ya watu wanne. Nikajua huyu ananisubiri mimi, na nikisema hapana atasema sawa baba, na hilo "sawa baba" nitaishi nalo mpaka naingia kaburini. Kwa hiyo nikaona niulizie kweli, nipate sababu ya kueleweka.

Nikaenda na gari. Gari likafika mdomo wa uchochoro likagoma kuingia kwa sababu ya unene. Nikashusha kioo vidole viwili, nikaona mtaro, nikaona mbuzi. Mama aliyekuwa anaanika nguo akaingia ndani akafunga mlango. Baadaye ndiyo nikajua kwamba pale likisimama gari jeusi, watu wanahesabu ni wa kodi au wa bomoabomoa. Nikapandisha kioo, nikarudi nyumbani, nikamwambia mke wangu nimeshaulizia.

"Umemuuliza nani?"

"Nimeona kwa macho yangu."

"Ulishuka?"

Nikamwambia pale hapashukiki.

"Baba watoto, wewe umeulizia kiyoyozi," akasema. "Barua ya watu hairudishwi kwa kiyoyozi. Nenda kwa miguu."

Miguu yangu ina magoti ya mtu aliyebeba mizigo ya wenzake miaka kumi. Ngazi mbili tu yanalia. Ndiyo maana ikawa baiskeli, kwa sababu unakanyaga umekaa. Niliinunua palepale Kariakoo, mtumba wa Kijapani, rangi ya waridi iliyopauka, ina kikapu mbele. Muuzaji akaniapia ni ya kiume. Huko Japani labda.

Nilikuwa sijapanda baiskeli tangu nina nywele. Alfajiri mbili nilijifunza upya kwenye viwanja vya Jangwani, ambako mafuriko yamewaachia wananchi tope laini la kuangukia, na mimi nilitumia huduma hiyo mara tatu. Siku ya tatu asubuhi nikatoka.

Pale getini tu nikamwagiwa maji. Ghorofa ya juu yangu anakaa mzee wa Kihindi, kila asubuhi anamwagilia mrehani wake wa ibada kibarazani. Kumbe miaka yote yale maji yalikuwa yanaishia juu ya paa la gari langu na mimi nikidhani ni umande. Akachungulia.

"Samahani jirani. Gari limekufa?"

"Gari zima kabisa."

"Pole sana," akasema, kwa upole wa mtu asiyeamini. Jengo moja miaka minane, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza.

Juu ya baiskeli huna kioo cha kupandisha. Mtu akikuangalia lazima umsalimie, na mji huu watu wanaangalia. Mpaka navuka Mnazi Mmoja nilikuwa nimeitikia marahaba mpaka koo limekauka, na akinamama wawili wamenisimamisha kuuliza trei ya mayai bei gani, kwa sababu mwanaume wa umri wangu kwenye baiskeli ya kikapu hawezi kuwa na shughuli nyingine. Nikagundua pia kwamba Kariakoo inanuka vitu vingi tofauti, na nusu yake ni vizuri. Mtaa wa nyuma ya duka langu kuna mtu anakaanga kahawa. Ameikaanga pale tangu sijafungua duka. Mimi nilikuwa naletewa ya kopo kutoka supamaketi.

Nikasimama kidogo mbele ya duka langu, mahali ninapoegeshaga gari. Nikakuta pana duka. Duka kamili, la tende na viungo, la familia ya Kiarabu, na mwenyewe amekaa mlangoni na kofia yake, anapigwa na jua la asubuhi kama mtu aliyetoka hospitali.

"Leo tumeona mwanga," akasema. "Yule mwenye gari jeusi amesafiri?"

Nikamwambia sina habari naye. Akaniomba nikimwona nimwambie atoe mkono dirishani angalau, amsalimie, maana anamziba mlango wake mwaka wa sita na hajawahi kumwona pua. Nikaahidi kufikisha ujumbe. Wabeba mizigo wangu walikuwa wanasikiliza, na mmoja wao akaniuliza taratibu, kwa huruma kabisa, "Tajiri, tumefulia?" Nikamwambia ni mazoezi. "Ndiyo wanavyosemaga wote," akasema, akabeba mabeseni yake.

Mchikichini nikafika marobota ya mitumba yanafunguliwa. Hapo ukisimama njiani unavalishwa jeans bila ridhaa yako. Wanakata vile vyuma vinavyofunga robota, wanavitupa chini, watu wanajitosa kuchagua. Tairi langu la nyuma nalo likachagua kipande chake. Nikasikia linahema, halafu kimya.

Bahati, kwenye mdomo wa ule uchochoro nilioujia, palepale lilipogomea gari, alikuwepo fundi baiskeli. Siku ya gari sikumwona, na nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka alipo. Mzee wa rika langu, miwani imefungwa uzi, amekaa chini ya mwavuli, mbele yake beseni la maji la bluu. Beseni la kwangu hilo, mzigo wangu naujua hata ukiufunika shuka.

"Salama, mzee mwenzangu?"

"Salama. Mayai yamepona?"

"Siuzi mayai."

"Niwie radhi. Ni hicho kikapu."

Akaipindua baiskeli, akatoa mpira, akaujaza upepo, akauzamisha kwenye beseni kutafuta mapovu. Mimi nikakaa kwenye kreti la soda. Nikaona hapa ndipo penyewe, maana fundi baiskeli anayekaa njia panda anajua nani katoka na nani karudi. Nikamwingia kijanja. Nikamwambia nina jamaa yangu ana binti, ameletewa posa kutoka nyumba ya mwalimu mmoja wa hesabu humu ndani. Je, anawafahamu?

Akaliona tundu, akaanza kusugua mpira kwa msasa. "Nawafahamu."

"Ni watu gani?"

"Watu wa kawaida. Baba mtu ana mdomo. Mama mtu akikasirika mtaa mzima unapata habari. Nyumba ni ya urithi, nusu anakaa dada wa yule baba, na hawasalimiani."

"Na kijana mwenyewe?"

"Mzuri, ila mbishi. Ukikosea hesabu mezani anakusahihisha mbele ya wageni. Mwambie jamaa yako ajiandae."

Akaendelea kunitajia kasoro za nyumba ile moja baada ya nyingine, hana haraka, kama anayesoma orodha ukutani. Moyo wangu mweupe. Sababu zote hizo, na shahidi wa kuaminika. Nikauliza pombe, akasema hamna. Mke mwingine mahali? "Kwa mshahara upi?" Wizi je? "Hilo ningeanza nalo."

Akapaka gundi. "Na huyo jamaa yako," akasema, "si ndiye yule wa mandoo?"

"Unamjua?"

"Kwa sura nani anamjua, anaishi ndani ya kioo. Zimeletwa habari tu. Binti mstaarabu, mama mtu mstaarabu. Baba mtu anajisikia."

Hapo, bwana, nilishindwa kukaa kimya. Nikamweleza huyo jamaa ni nani. Nikamwambia alivyoanza na kandambili begani, anavyolisha familia kumi na mbili, kwamba kwa akili ya biashara mji huu hana mpinzani na hao wenye digrii wanakuja kumuuliza. Mkarimu. Mcha Mungu. Tena mnyenyekevu, nikasema, ukiwaweka matajiri wote wa Kariakoo kwenye mstari, kwa unyenyekevu yeye ni wa kwanza.

Fundi akaacha kupaka gundi. Akanitazama juu ya miwani.

Akatokea mama mmoja na chupa ya chai, akaiweka pembeni ya beseni. "Baba Mwalimu, chai yako hii. Mwanao kasema kabla ya kwenda shule, usiache tena vidonge." Akanisalimia, akarudi uchochoroni.

Mimi nimekulia sokoni. Nimeona watu wakisifia ndoo zenye ufa, mimi mwenyewe nikiwa mmojawapo. Ila mtu anaulizwa kuhusu mali yake, na mteja yuko mbele, na anayeuzwa ni mtoto wake wa kumzaa, halafu anaanza na ufa? Sikuwahi kuona.

"Wewe ndiye baba yake," nikasema.

"Na wewe ndiye wa mandoo. Nilijua uliposema mnyenyekevu."

Akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akanipa mimi, yeye akanywea kikombe.

"Sasa kwa nini unaisema vibaya nyumba yako?"

"Sijaisema vibaya. Nimeisema. Binti akija atayaona yote hayo wiki ya kwanza, na mwaka kesho wewe utakuja hapa na gari lako kuniambia nilikuficha. Bora uyachukue leo, ukayapime huko kwako." Akabandika kiraka, akakikandamiza kwa dole gumba. "Na hatujaonana. Wazee wakisikia posa imejadiliwa kwenye pancha watatuona wahuni. Jibu wape wao."

Akanitoza kama mteja yeyote. Nilipotaka kumwachia chenji akaitumbukiza mwenyewe kwenye kikapu.

Nyumbani nikafika nimelowa jasho. Binti alikuwa anajiandaa kwenda zamu ya mchana. Nikamwita sebuleni, mama yake akajifanya ana shughuli na mapazia.

"Nimeenda kuulizia," nikasema.

"Umemuuliza nani, baba?"

"Baba yake."

"Baba, haifanyikagi hivyo."

"Najua."

"Amesemaje?"

"Mengi, na hakuna hata moja la kujisifia. Amesema mpaka bati linavuja, mvua ikinyesha wanahamisha vitanda."

"Kitanda kimoja tu," akasema, "cha dirishani."

Mama yake akaacha mapazia. Mimi nikamtazama yule mtoto, naye akakumbuka ghafla kwamba amechelewa kazini, akaanza kutafuta mkoba ambao alikuwa ameuvaa. Mimi mji huu naujua, nimeshasema. Nilikuwa wa mwisho kati ya watu watatu chumbani mle kujua vitanda vya Mchikichini.

"Unaweza kukaa pale?" nikamuuliza.

Akasimama mlangoni. Kwa mara ya kwanza tangu barua ije aliniangalia usoni.

"Naweza, baba. Bati linazibika."

Ijumaa wale wazee watatu walirudi kuchukua jibu. Mke wangu alikuwa amewaandalia mpaka sambusa, kwa kuwa anajua hotuba zangu zinavyokwenda. Nikawaambia tumekubali. Basi, nikanyamaza, na mkubwa wao akasubiri, akasubiri, mwisho akamgeukia mke wangu kumuuliza kama mzee anaumwa.