Chanjo Iliyopata Joto

Kuna duka la dawa za mifugo mjini Nakuru, lenye tawi Gilgil, ambalo mauzo yake yote hupitia kwenye programu niliyoiandika mimi. Naipenda sana sentensi hiyo. Niliiandika nyumbani kwetu mtaa wa Rhonda, kwenye meza ya chakula, mamangu akisukuma sahani kando ili kompyuta ipate nafasi.

Mwenye duka, mama mmoja wa mtaa wa Milimani asiyependa kupotezewa muda, alitaka kitu rahisi: keshia afungue ukurasa, aandike dawa, mteja aende zake. Mimi nikaongeza namba ya simu ya mteja na namba ya bechi, yaani fungu la dawa zilizotengenezwa pamoja, ile inayochapwa kwenye kila chupa. Makeshia wakanung'unika. Mwenye duka akaniita.

"Foleni inarefuka kwa sababu yako. Namba ya chupa ni ya nini?"

"Siku tukitaka kujua chupa fulani ilienda kwa nani, madam, databesi itatujibu. Bila hiyo namba haiwezi."

Akanitazama. "Haya, iache. Lakini wapunguzie hawa kazi ya kuandika."

Nikaupanga ukurasa upya. Keshia akichagua dawa, bechi zilizoko dukani zinajitokeza zenyewe, anabonyeza tu. Manung'uniko yakaisha.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nilikuwa pale dukani nikirekebisha printa ya risiti, simu ya mwenye duka ikalia. Alikuwa msambazaji wa dawa. Bechi moja ya chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaofyeka kuku, ilikuwa imepata joto njiani kabla ya kutufikia. Chanjo ya namna hiyo haimdhuru kuku, ila haimkingi pia. Mfugaji anakaa akidhani kuku wake wako salama, hadi ugonjwa umalize banda zima.

Na chupa nyingi zilikuwa zimeshauzwa.

"Unaweza kujua walionunua?" mwenye duka aliniuliza, sauti imepungua.

Nikaketi, nikaiandikia databesi swali moja: nipe kila aliyenunua bechi hii, hapa na Gilgil, pamoja na simu yake. Kabla sijavuta pumzi, namba zikashuka kwenye skrini.

Tukagawana namba hizo, kila mtu na simu yake. Mimi nilimpata mzee mmoja wa Gilgil, nikamweleza habari ya chanjo.

"Madam, hata nimeshika kuku mkononi. Ndio nilikuwa naanza kumtia tone kwa jicho."

"Mwachilie, mzee. Rudisha hiyo chupa, tutakupa nyingine."

"Na mmejuaje ninayo?"

"Kompyuta yetu imetuambia."

Akacheka sana. "Basi iambie asante."

Waliokuwa wamechanja tayari tuliwapa chanjo mpya warudie. Baadaye kideri kilipita kule Gilgil, na yule mzee akapiga simu dukani kusema banda lake bado lina kelele. Mwenye duka alinipeleka tawini, akanisimamisha mbele ya wafanyakazi wote. "Mliuliza ni nani alileta mambo ya bechi," akasema. "Ni huyu."

Jumapili mamangu akawatangazia wenzake wa kanisani kwamba bintiye ameponya kuku wa Gilgil. Nilifungua mdomo nimsahihishe, nieleze mambo ya databesi na seva. Kisha nikaona nyuso zao zinavyong'aa kwa furaha. Nikanyoosha mgongo, nikapokea mikono yao mmoja mmoja.