Kidimbwi cha Mihogo

Mwaka wa pili tangu tuvuke kutoka Burundi, binti yangu alikuwa na miaka minne na tulikuwa kambini Kibondo. Watu wanadhani ukimbizini ni kulia tu. Sisi tulicheka. Mtoto wa umri ule hajui kwamba amepoteza nchi. Anajua tope lina raha.

Nilikuwa nalima kibarua kwa mama mmoja Muha, mwenyeji wa pale, mjane, mtu mzima kunizidi. Ujira ulikuwa mihogo. Mihogo ya kule ni michungu, lazima uimenye, uiloweke siku tatu nne mpaka ilainike, ndipo uianike. Kila mwanamke alikuwa na kidimbwi chake kando ya kijito, amekizungushia mawe na kukifunika majani. Mlinzi hakuna. Kidimbwi cha mtu hakiguswi, kama vile huwezi kufunua chungu jikoni kwake. Yule mama akanigawia kimoja jirani na chake.

Hapo ndipo tulipoanzisha mchezo. Mtoto aliingia mpaka magotini, akitafuta mihogo kwa nyayo. Ikishalainika, huteleza.

"Mama, nimekanyaga samaki!"

"Mkamate, asikimbie!"

Anazamisha mkono, anaibuka na kipande kinanuka, uso wote tope, anakibusu. Kunuka kule! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tukirudi kambini, kikapu kichwani, yeye mgongoni, anaimba sikioni kwangu. Siku hizo nilikuwa nasahau hata milima ya kwetu.

Halafu kibarua kikakatika. Kidimbwi chetu kikabaki maji matupu. Mtoto akasema samaki wamehamia kule, akaonyesha cha yule mama. Nami nikasema, "Basi tuwafuate." Nilisema mimi, mtu mzima, ninayejua mawe yale ni ya nani. Siku ya kwanza tulitoa vipande vinne. Tukacheka vilevile. Hilo ndilo linalonichoma, kwamba tulicheka vilevile.

Siku ya tatu, asubuhi, mtoto yumo majini, mimi nimeinama na kikapu, yule mama akatokea na beseni lake.

"Mwakeye," akatusalimu.

Mtoto akafurahi. "Bibi, njoo tuvue! Samaki wako hawana miba!"

Yule mama akanitazama mimi, si mtoto. Akinitangaza mwizi, sipati kibarua tena, tunalala njaa, na jina langu kambini limekwisha. Mkono wangu ukaruka wenyewe. Hapana, haukuruka wenyewe, niliurusha mimi. Nikamzaba mtoto kofi.

"Mwizi we! Nimekwambia mara ngapi usiguse vya watu?"

Hakulia mara moja. Alinitazama kama anayesubiri nimalizie mzaha. Ndipo akalia.

Yule mama akamtoa majini, akampangusa tope kwa kitenge chake. "Mwanangu," akaniambia polepole, "huyu ndiye aliyebeba kikapu hiki kutoka kambini?"

Akakijaza kikapu mihogo.

"Nendeni. Kesho uje ulime. Lakini huyu usimpige tena kwa kosa lako."

Nilikwenda, nikalima. Mtoto alikaa ukingoni, hakuingia majini tena. Siku moja niliingia mwenyewe, nikapiga kelele, "Nimekanyaga samaki!"

Akasema, "Huo ni muhogo, mama."

Leo tuko Kasulu, naye ana watoto watatu. Mimi ni bibi mwenye majivuno, sifichi. Nawaambia wajukuu kwamba katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kula cha mtu. Juzi mama yao akacheka. "Msimsikilize bibi yenu. Mimi niliiba mihogo nikiwa mdogo kuliko ninyi. Alinizaba kofi, mpaka leo nalisikia."

Watoto wakaangua kicheko. "Mama mwizi! Mama mwizi!" Na mimi, bibi mzima, nikacheka nao. Lile lilikuwa kofi la pili.

Niliishia darasa la tatu, mwandiko wangu ni kama kuku amechakura. Lakini haya nimeyaandika. Jioni mjukuu mkubwa atawasomea wote, mama yao akiwepo. Mwizi nilikuwa mimi. Akifika mstari huu nitakuwa nimekaa nao palepale mkekani, sitatoka nje.