Mwaka Tulioletewa Mwalimu wa La Saba

Asubuhi shuleni kwetu Kwamsisi zilinukia vumbi lililomwagiwa maji. Tulikuja na maji kwenye madumu, tukanyunyizia sakafu ya udongo kabla ya kufagia, na harufu ile ilibaki darasani mpaka jua lilipopanda. Nilikuwa darasa la tatu na nilikuwa na siri: sikujua kusoma. Nyumbani tuliongea Kizigua, darasani tulibanana, ila masikio yangu yalikuwa mepesi. Mwenzangu akisoma ukurasa mara mbili, mimi nimeshaushika kichwani. Nikisimamishwa, nautiririsha wote, napigiwa makofi.

Mwaka huo akaja mwalimu mkuu mpya, mama mfupi mwenye sauti ya upole. Aliweka kiti barazani, akamwita kila mtoto amsomee. Zamu yangu ilipofika nilimwaga ukurasa wangu kama kawaida. Akafunua mwingine. "Haya, Mwanaidi, na hapa?" Nikakodolea macho herufi mpaka machozi yakanidondoka, nikingoja fimbo. Akafunga kitabu taratibu. "Usilie, mwanangu. Kosa hili si lako, ni letu."

Wiki iliyofuata alimtoa Mwalimu Mhina, aliyesifika kuliko wote, kutoka la saba akamleta kwetu. La saba akalichukua mwenyewe. Kikaoni wazazi walikuja juu. Baba yangu alisimama, maana kaka yangu alikuwa la saba, anakaribia mtihani. "Mwalimu, unatuharibia watoto!" Mama yule akamjibu kwa heshima, "Mzee wangu, hawa wa la tatu wakifika la saba hawajui kusoma, nimlaumu nani?" Hakunitaja. Nilimpenda tangu siku hiyo.

Mwalimu Mhina alitugawa kwa kile tulichokijua, akatuanzisha na silabi, akitufafanulia kwa Kizigua tulipokwama. Kila Ijumaa mwalimu mkuu aliketi nyuma ya darasa, kisha wawili hao wakabaki barazani wakijadili nani bado hajashika. Kabla mwaka haujaisha nilimsomea baba kipande cha gazeti kilichofungia chumvi. Hakushangaa, alidhani najua siku zote. Kaka naye alifaulu, kwa mikono ya mama yule yule.

Leo nafundisha Magoma, kule Korogwe. Sakafu ni ya saruji, vitabu vipo, vikao vya ufaulu haviishi. Lakini mwalimu hodari bado hupelekwa la saba, na wadogo hupewa yeyote aliyebaki. Mwaka huu niliomba mwenyewe darasa la kwanza. Mwenzangu mmoja, akidhani nimeshushwa, akanipa pole. Nikamshukuru, nikachukua chaki, nikaenda kwa watoto wangu.