Aron na maneno ya wenyewe

Saa mbili asubuhi, kituo cha kununulia chai kilicho nje kidogo ya Merigi kimejaa vikapu, lakini lori la kiwandani halijafika. Barabara bado haijapona mvua za mwaka jana. Wakulima wameketi kwenye ukuta mfupi, majani yao mabichi yakiwa yamewekwa kivulini yasichomwe na jua, na Aron Kipkoech amesimama katikati yao bila karatasi mkononi.

"Watafiti wanasema mbolea isiwekwe kama udongo ni mkavu," anawaambia. "Mngoje mvua ishike kwanza. Hiyo ni yao. Sasa hii ingine ni yangu. Kwa mteremko kama huu wetu, msimwage yote mara moja. Weka nusu, ukae kidogo, uweke nusu ingine. Nimeona zile shamba za kule chini, maji inabeba."

"Hiyo ya mwisho ni ya nani?" anauliza Elmina Chepkirui, mkulima mwenye michai kwenye kilima cha pili.

"Ni yangu, mama."

"Haya. Tutaiangalia," anasema Elmina, na ukuta mzima unacheka.

Siku hizi wanamtania kwamba anaongea kama shahidi mahakamani: hili nimeliona, hili nimeambiwa, na aliyeniambia ni fulani. Aron hakasiriki. Tabia hiyo ameipata kwa shida, na kuikosa kulikaribia kumgharimu kazi.

Ana miaka arobaini na mmoja. Kazi yake ni kupeleka kwa mkulima mdogo yale yaliyopatikana kwenye vituo vya utafiti: namna ya kupogoa, ya kuchuma, ya kutunza udongo. Anazunguka kwa baiskeli, na matope yakizidi anaiacha kwa mtu na kwenda kwa miguu. Mshahara wa shilingi elfu sita na ushee kwa mwezi humezwa na karo ya watoto watatu na dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Mwaka jana, mwajiri wake alitangaza kwamba wafanyakazi watapunguzwa. Wenye cheti pekee ndio wangetangulia kwenda nyumbani. Waliokuwa wakisomea diploma wangengojwa hadi mwisho wa mwaka huu wa 1998. Aron alishavuka mitihani yote ya diploma yake, anayoisomea kwa posta. Kilichobaki ni mradi mmoja wa kuandika, kuhusu upogoaji wa chai kwenye mashamba madogo ya Bomet. Mradi ukianguka, diploma imeanguka, na kazi inafuata.

Aliupeleka mara ya kwanza mwezi wa Januari, umepigwa chapa vizuri na mpiga chapa wa mjini Kericho. Mwalimu wake, Zack Onsongo, ni Mkisii aliyehamia Kericho zamani, mpole wa sauti na bahili wa alama. Akasoma kurasa chache, akavua miwani.

"Haya maneno ni ya nani?"

"Ni ya wenyewe, mwalimu. Nimeandika vitabu vyao huko mwisho."

"Na wewe uko wapi?"

"Nilifikiri ananitania," anakumbuka Aron. "Niko wapi aje, na nimekaa hapo mbele yake?"

Zaidi ya nusu ya mradi ilikuwa imenakiliwa neno kwa neno. Mtu asimdhanie uvivu. Kuandika zile kurasa kwa mkono kabla ya kuzipeleka kwa mpiga chapa ni kazi ambayo mvivu hawezi. Alinakili kwa heshima.

"Mtu amesoma mpaka ng'ambo, amechunguza chai miaka mingi, halafu mimi wa cheti niguse maneno yake?" anasema. "Niliona hiyo ndiyo kukosa adabu."

Ndivyo alivyolelewa. Marehemu baba yake alikuwa mzee wa kanisa, na kila waraka uliotoka kwa wakubwa aliusoma mbele ya waumini jinsi ulivyo. Mtu akisema hajaelewa, mzee hakueleza. Aliusoma tena toka mwanzo, polepole zaidi.

Kwa hiyo mradi uliporudishwa auandike kwa maneno yake, Aron akafanya kile alichodhani anaombwa. Aliazima kamusi nene ya Kiingereza, akakaa na kitabu wazi upande mmoja na karatasi upande wa pili, akawa anatoa neno moja na kutia lingine. Mahali pengine kitabu kilipozungumzia kupogoa, yeye akatia neno la kufyeka. Kwa mtu wa chai, hiyo ni sawa na kumwamuru mkulima aangushe shamba lake lote na kupanda mahindi.

Mwalimu Onsongo alicheka alipofika hapo, kisha akaacha kucheka.

"Aron, umembadilisha mtu nguo, lakini mtu ni yule yule," alimwambia. "Hata ngozi umemchuna. Lete mara ya tatu kabla ya Juni kwisha. Ya nne chuo hakiruhusu."

Mkewe, Rodah, anasema nyumba ilipoa kabisa wiki hizo. "Anakaa kwa meza, anaandika mstari moja, anafuta. Mimi nikamwambia, wewe huko kwa kituo unaongea mpaka lori inakuja, sasa hapa unakosa neno? Akasema kuongea si kuandika."

Kilichomfungua hakikutoka kitabuni. Mwezi wa Aprili, ukoo wao ulikwenda karibu na Londiani kwa koito, yale mazungumzo ya kuomba mke, kwa ajili ya mpwa wake Robert. Msichana anaitwa Chepngeno, yuko chuo cha ualimu. Aron ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wa mvulana.

Katika koito za kwao, msemaji hajibu papo hapo. Wenyeji wakishasema yao, yeye kwanza huyarudisha kwa ufupi: mmesema hivi, na hivi, na sisi tumesikia hivi. Wenyeji wakikubali kwamba wamesikika sawasawa, ndipo naye anaruhusiwa kusema ya upande wake.

Baba mkubwa wa Chepngeno aliongea sana siku hiyo. Alianzia kwa babu aliyekata msitu, akapitia bei ya viazi, akamalizia kwa binti. Aron akayarudisha kwa muda mfupi tu: mzee anatupokea, anataka tutaje ng'ombe wa mahari leo, harusi iwe Desemba.

Mzee akainua mkono. "Umenisikia vizuri, lakini umeacha moja. Nilisema Desemba kama msichana amemaliza mtihani yake. Hiyo 'kama' umeiweka wapi?"

Aron akaomba radhi, akayarudisha tena na sharti likiwa mahali pake. Nyumba nzima ikaitikia kwamba ndiyo, na mazungumzo yakaendelea.

"Njiani watu walikuwa wanaimba, mimi nawaza ule mradi," anasimulia. "Nilikuwa nimechukua maneno ya mzee mzima, nimeyasema kwa maneno yangu mbele ya macho yake, na hakuna aliyesema nimemkosea heshima. Angekasirika kama ningeyarudisha yote jinsi yalivyo, maana angejua sikuelewa kitu. Kosa lilikuwa ile 'kama' niliyoangusha. Hapo ndiyo nikamwelewa mwalimu."

Kutoka siku hiyo aliacha kuandika kitabu kikiwa wazi. Alikuwa akisoma ukurasa, anakifunga, anachukua ndoo na kwenda kukamua. Huko zizini alimweleza Rodah kwa Kikipsigis kile watafiti walichosema, akitaja kwanza jina la aliyesema. Akikwama, alijua hajaelewa, na ilibidi arudi mezani.

Nyumbani, Rodah ndiye aliyekuwa kama yule mzee wa Londiani, wa kushika kilichoachwa. Siku moja Aron alimwambia kwamba matawi yaliyopogolewa yakiachwa shambani, mkulima anapunguza mbolea.

"Hata kwa ile chai ndogo tulipanda juzi?" akauliza Rodah.

Aron akaenda kutazama. Kitabu kilikuwa kimesema michai iliyokomaa tu. Neno hilo alikuwa ameliangusha njiani, sawa na ile 'kama' ya mzee mwezi wa Aprili. Baada ya kuhakikisha ndipo alipoandika, kwa Kiingereza chake mwenyewe, na pale ambapo maneno ya mtafiti hayakuweza kuguswa, aliyafunga kwa alama za kunukuu na kumwachia mwenyewe.

Alipeleka mradi wiki ya tatu ya Juni. Mwalimu Onsongo aliusoma akiwa amemketisha hapo hapo. Akaweka kalamu kwenye aya moja karibu na mwisho. Aya hiyo ilisema kwamba wakulima wa Merigi wanajua faida ya kuacha matawi shambani, ila wanayabeba kwa sababu hawana kuni. Atakayetaka matawi yabaki aanze kwa kuwafanya wapande miti ya kuni.

"Hapa hujataja kitabu. Hii umetoa wapi?"

"Hakuna kitabu, mwalimu. Hapo ni mimi."

Onsongo akatabasamu. Akamwambia asahihishe makosa madogo, kisha apeleke ukafungwe kwa jalada.

Mtu angedhani habari imeishia hapo, na Aron naye alidhani hivyo. Juma lililofuata aliwasomea wakulima ile aya pale kituoni, akiwatafsiria kwa furaha. Elmina akamsikiliza hadi mwisho.

"Hiyo maneno ya kuni ni mimi nilikuambia," akasema bila hasira. "Ile siku ulinikuta na mzigo, ukaniuliza kwa nini sikuacha matawi. Ama umesahau?"

Alikuwa amesahau kweli. Alikumbuka kila mtafiti wa ng'ambo kwa jina na mwaka, na mama aliyekutana naye njiani akiwa na mzigo mgongoni alikuwa amemwangusha. Aibu ilimshika. Hofu pia: kumrudia mwalimu ni kumwambia kwamba ile aya moja aliyosifiwa kuwa yake ilikuwa ya mtu mwingine. Nafasi ya nne haikuwepo.

"Rodah aliniambia nilale nayo," anasema. "Nikaona sitaweza kusimama tena hapo kituoni nikisema hii ni yangu."

Kesho yake alikuwa Kericho. Onsongo alimsikiliza, kisha akamwuliza swali moja tu: anaitwa nani huyo mama? Mradi ulifungwa na kupita. Kwenye orodha ya vyanzo, kati ya mtafiti mmoja na ripoti ya mbolea, kuna mstari mpya: Chepkirui, Elmina, mkulima, Merigi, mazungumzo, 1998.

Mwajiri ameshapewa nakala, na Aron anangoja kupokea diploma yake Desemba, mwezi ule ule wa harusi ya Robert, kama Chepngeno amemaliza mtihani. Sasa anataka kuandika kijitabu cha Kikipsigis, kurasa chache tu, kitakachowaeleza wakulima wa Bomet yaliyomo kwenye vitabu ambavyo hawatavifikia, kila neno na mwenyewe.

Lori linasikika likipanda kilima. Wakati wengine wanainua vikapu, Elmina anaomba aonyeshwe tena mahali alipoandikwa. Aron anautoa mradi kwenye mfuko wa baiskeli. Elmina anaweka kidole juu ya jina lake, kisha anamtaka amsomee aya yote kwa Kikipsigis, na anasikiliza ameinamisha kichwa.

"Umenisikia vizuri," anasema, "lakini umeacha moja. Nilisema miti ya kuni ipandwe mbali na chai, isinyang'anye maji."

Aron anatafuta kalamu mfukoni.

"Hiyo itaingia kwa kijitabu, mama," anasema. "Hapo chini ya jina lako."