Kona ya Mama Mkwe

Alute wa Mandewa alikuwa na sauti, na siyo sauti kama hizo zenu za kuombea chumvi kwa jirani. Akiita "Shika jembe!" akiwa Mandewa, ng'ombe wa Ihanja wanageuza shingo. Enzi za Mwingereza alikuwa nyapara wa barabara. Watu sitini walikuwa chini yake, na wote sitini walikuwa wanaruka akikohoa tu. Kusoma alikuwa hajui. Namba aliandika moja tu, ile ya moja, kwa sababu ni mstari. Lakini mpe kilima akitazame kidogo, atakuambia maji ya mvua yatapita wapi na yatakula nini.

Mtu mmoja tu alikuwa anamfunga mdomo, Bibi Damari, mama mkwe wake. Siyo kwa ukali. Kwetu mwanaume hatazamani na mama aliyemzaa mke wake, wala haongei naye uso kwa uso. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini, na anayeingia ni mkwe wa kiume, hata kama pori lenyewe ni miiba mitupu. Alute alikuwa na makovu ya kutosha.

Basi, vita vya Hitla vilipokwisha, mkubwa wa wilaya akapata wazo. Anataka barabara ilizunguke ziwa la Singidani lote, itoke mjini irudi mjini, na pembeni yake iwe na njia ya miguu, ili watu waende jioni kutazama maji na wale ndege wekundu wa miguu mirefu. Watu wa Mandewa walicheka mpaka wakakaa chini. "Barabara inayokurudisha ulikotoka! Si bora ubaki nyumbani?" Walicheka hivyo hivyo huku wanachimba. Vipande vitatu vikakwisha. Kikabaki kimoja, hatua kama elfu mbili upande wa Mandewa, pale miamba inaposhuka karibu na maji. Bila kile kipande hakuna kuzunguka. Unakwenda, unarudi, kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Mpango wa kipande hicho alipewa mzungu kijana wa vipimo. Watu walimwita Bwana Kamba, maana hukumkuta siku bila kamba ya kupimia. Yeye na karani wake, Melkiori, wakapigilia vigingi kwenye uwanja mweupe kando ya maji, tambarare kama mkeka. Kazi ya siku moja. Jumamosi ramani inakwenda Dodoma kwa wakubwa, ikigongwa muhuri basi, hakuna maneno tena.

Alute aliviangalia vile vigingi, moyo ukashuka mpaka kwenye makubazi. Ule uwanja siyo nchi kavu, ni mali ya ziwa. Kwa miaka mitatu ya mvua haba ziwa lilikuwa limejikunja kama mtu mwenye baridi. Siku likinyoosha miguu, barabara itakuwa ya kambale.

Ingekuwa shida ya Waingereza peke yao, Alute angekaa pembeni akacheka. Lakini miaka miwili nyuma, mvua iliibeba barabara ya kwenda Ihanja, na amri ikaja kwamba watu wale wale warudi wachimbe tena, katikati ya msimu wa kulima. Mashamba yakaota majani. Mwaka ule nyumba sitini zilikula mlenda mtupu mpaka mlenda nao ukawachoka. Na sauti iliyowaita warudi barabarani ilikuwa ya Alute. Hakuisahau. Aliapa kwamba watu wake hawatachimba barabara moja mara mbili tena.

"Bwana," akasema, "hapa maji yatakuja."

"Maji iko mbali," Bwana Kamba akajibu kwa Kiswahili chake. "Mimi nimepima."

"Umepima ardhi, Bwana. Ziwa hujalipima."

Melkiori akamvuta shati. "Alute, wewe namba unajua moja tu, leo unabishana na ramani?"

"Hiyo moja naijua vizuri. Wewe unazijua zote, na bado umepigilia kigingi ziwani."

Bwana Kamba alicheka. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa kijana tu. "Haya. Lete njia ingine. Gari ipite, mlima hapana. Ijumaa."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Kamba ya kupimia Alute hana, ramani hana. Akamtuma mkewe, Lea, kwa mama yake Damari kuazima punda. Akambebesha punda magunia mawili ya mchanga, akamwongoza kutoka mwisho wa barabara ya upande huu kwenda mwanzo wa ile ya upande wa pili, juu juu, kupitia miambani. Punda mwenye mzigo hana ujinga wa mwanadamu. Mwinuko mkali anaukataa, anatafuta pa kuzungukia. Kila alipokanyaga, Alute aliweka jiwe. Melkiori alipita akauliza, "Mhandisi wetu hajambo?" Alute akamjibu, "Hajambo, anakula nyasi. Nenda kamsalimie, mtaelewana." Siku mbili, na mstari ukatokea, laini kama mkanda.

Isipokuwa mahali pamoja. Punda alikataa juu, akakataa chini, akaenda kusimama katikati ya mwamba mpana ambao wanawake wa Mandewa wanapuria uwele. Mwenye mwamba ule, kwa urithi wa bibi na bibi, ni Damari. Nyuma ya mwamba ni shamba, na shamba nalo ni la Damari. Njia nyingine hakuna. Ama mwamba, ama shamba.

Wengine wangepigilia vigingi tu. Serikali haiombi. Alute hakuwa wa namna hiyo. Akamwambia Lea aende kumwombea.

"Shamba la mama haliombwi na mjumbe," Lea akasema. "Nenda mwenyewe, mwenye sauti."

Alhamisi asubuhi Alute akaenda. Damari alikuwa mwambani, anapepeta. Alute akasimama mbali, akampa mgongo, akamshika punda sikio.

"Punda," akasema, kwa sauti ndogo ambayo watu sitini hawakuwahi kuisikia, "mwambie mwenye mwamba shikamoo."

Damari naye akageuka, akatazama upande wa ziwa. "Punda, mwambie marahaba. Na mwambie anakanyaga uwele wangu."

Alute aliruka kama kakanyaga moto.

"Punda, mwenye mwamba analijua ziwa kuliko ramani. Vigingi viko kule chini, kwenye uwanja mweupe."

"Kule chini?" Ungo ukasimama. "Punda, mwaka niliomzaa Lea, kule chini alizama fahali na pembe zake."

"Basi watu watachimba mara mbili, punda. Kama Ihanja."

Mlenda wa mwaka ule Damari aliula na yeye. Akapepeta mara tatu, nne.

"Anataka nini? Mwamba au shamba?"

"Mwamba siugusi, hata mfalme akinituma. Naomba kipande cha shamba, upana wa hatua kumi."

"Kumi! Punda, huyu anapitisha gari au anapitisha harusi?"

"Nane."

"Sita."

"Punda, na mtaro je, uchimbwe kichwani kwangu?"

"Saba. Na mtaro umwage maji shambani kwangu. Ziwa lina maji ya kutosha."

Punda akalia, kelele za kupasua masikio. "Huyu ameshakubali," Damari akasema, akaendelea na ungo wake. Alute aliondoka jasho linamtiririka, na jua lilikuwa bado halijakomaa.

Ijumaa Bwana Kamba akaja. Alute akampeleka kwanza kwenye jabali lenye mstari mweupe wa chumvi, juu kuliko kichwa cha mtu. "Hii ndiyo ramani ya ziwa, Bwana. Limechora lenyewe." Bwana Kamba akapima kutoka mstari mpaka kwenye vigingi vyake. Akapima tena. Masikio yake yakawa mekundu kama wale ndege.

Akafuata mawe ya punda, anatingisha kichwa kwamba ndiyo, ndiyo, mpaka kwenye kona, pale mawe yanapoukwepa mwamba wa Damari na kupita shambani.

"Hii kona sababu nini? Nyoosha. Vunja jiwe."

Melkiori akatazama miguu yake. Alute aliona neno alilompa punda linataka kumfia mkononi. Akasema, "Bwana, kwanza panda juu."

Bwana Kamba akapanda mwambani. Kutoka pale ziwa unaliona lote, mji ng'ambo, na kando ya maji, wekundu wa ndege kama mtu kaanika shuka. Upepo ukampeperushia makapi ya uwele kwenye nywele, hakuyafuta.

"Mkubwa anataka watu waone ziwa," Alute akasema. "Wataliona wapi, kama siyo hapa?"

Mzungu akamwambia Melkiori, "Andika. Kona inabaki."

Kipande kile kilikwisha kabla ya mvua. Na mvua za mwaka ule zilikuja kwa hasira. Ziwa likanyoosha miguu, likaufunika uwanja mweupe, likameza vigingi vya kwanza vyote. Barabara haikuloa hata kidole. Watu sitini walikuwa wapi? Mashambani kwao, wanapalilia, wanamtania nyapara wao aliyesomeshwa na punda.

Baada ya mavuno, Jumapili moja, Alute akavaa viatu akaenda kuizunguka barabara yake, kifua mbele, kama ziwa amelichimba yeye. Alipofika kwenye kona, akamwona Damari na punda wanakuja kutoka upande wa pili. Alute akatafuta pori la kuingia. Pori hakuna, alilifyeka mwenyewe. Kulia mwamba, kushoto uwele. Akimgeuzia mgongo akimbie, barabara ni ya kuzunguka, watakutana tu mbele.

Akabaki amesimama, anatazama viatu.

Damari akampa mgongo, akaweka kibuyu cha togwa katikati ya barabara.

"Punda," akasema, "mwambie mwenye barabara, togwa hii ni yake. Wewe usiiguse."